Kiungo kati ya Nini na Nini

Mwaka ule tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa. Asubuhi michembe ya kuchemsha, mchana michembe na mlenda, jioni michembe ya kuponda na karanga, kama karanga zipo. Mvua ilikatika mpunga ukiwa haujatoa suke, bonde lote la Mwamkulu likawa la njano kama limemwagiwa maji ya moto. Mpaka leo mtu wa rika langu ukimuuliza mwanawe alizaliwa lini, atakwambia, "Huyu ni wa kabla ya michembe," au "huyu wa baada," na sisi tunaelewana. Tabu wangu, mama yako, alikuwa anaota meno. Katika mwaka huo iko siku moja ninayoikumbuka kwa dole gumba hili la kulia, na hiyo ndiyo nataka kukupa, mwanangu.

Najua wewe ni mjukuu. Lakini mama mkwe wangu aliniita mwanangu hata siku nilizostahili kuitwa vingine, basi na mimi nakuita hivyo.

Umeniletea ujumbe kwenye simu kwamba wakubwa wa kikundi chako wanataka bibi yako awe "kiungo" wao kwa wazee wa huku. Ukasema niseme ndiyo tu, hakuna kazi yoyote. Hapo pa "hakuna kazi yoyote" ndipo masikio yangu yaliposimama. Jibu langu nitakupa, ila kwanza kaa usome. Nimeishia darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Herufi zangu zikilala, zinyanyue mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa mke kijana, mtoto mmoja, kiburi cha watu kumi. Babu yako alikuwa porini kurina asali, na akienda huko tulikuwa hatumwoni mwezi mzima, anarudi ananuka moshi. Nyumbani nilibaki na mama yake, Mama Nyanzala. Mkonongo, mfupi, mgumu, mvuta ugoro. Dole lake gumba la kulia lilikuwa na kovu katikati, mundu ulimpasua siku moja akivuna mpunga, likapona likiwa na mfereji. Shamba pale njia panda lilikuwa lake: njia moja inakwenda mjini Mpanda, nyingine Katumba, nyingine inashuka bondeni. Katikati ya shamba kichuguu kikubwa, na nyuma ya kichuguu, kwenye matete, kisima. Kisima hicho hakikauki. Hata mwaka wa michembe hakikukauka.

Ndipo akaja Bwana Kasimiri na pikipiki.

Viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Wakati ule kutoka mjini mpaka kwetu vumbi lilikuwa linafika kwenye magoti, sasa mtu anafikaje na viatu vinang'aa? Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza. "Kavipanguza pale korongoni kabla hatujamwona," alininong'oneza. "Sijui na nini kingine amekipanguza." Mimi nikaona mzee anaanza maneno yake.

Bwana Kasimiri alitukusanya wanawake chini ya ukuta wa shule, kwenye kivuli. Akasema yeye ametoka kwa wanunuzi wa nafaka. Wataleta mashine ya kukoboa mpunga, watajenga ghala. "Mwamkulu itakuwa kitovu, akina mama! Watu wa Katumba wataleta mahindi hapa, watu wa mjini watafuata hapa. Sasa tunahitaji mwanamke mmoja anayejua kusoma, awe kiungo kati yetu na ninyi."

Tukatazamana. Wengi wetu Kiswahili tumekikuta ukubwani, mwanangu. Kiungo tulichokijua ni cha dukani, bizari na kitunguu saumu, na kile cha goti kinachouma wakati wa baridi. Jirani yangu Mama Goreti, Mrundi aliyeolewa kwetu kutoka Katumba, hakuwa na mdomo wa kufunga. "Awe kiungo?" akauliza. "Mnataka kumtia mtu kwenye mchuzi?"

Tulicheka mpaka watoto mgongoni wakaamka. Bwana Kasimiri naye akacheka, ila kwa meno tu. Mimi nilisimama kabla kicheko hakijaisha. Nikasema najua kusoma. Akanipa kadi ngumu yenye pini, imeandikwa KIUNGO kwa kalamu nyekundu, akanibandika hapa kifuani mbele ya watu wote.

Nikaenda nayo kanisani. Nikaenda nayo kisimani, na ndoo kichwani. Wanawake walinipisha kwa kunichezea shere: "Kiungo huyo, mpisheni asijemwagika!" Mwingine anasema, "Leo umeungwa na nini, shoga? Nyanya au karanga?" Mimi nikawaona washamba. Nilikuwa na cheo na wao wana midomo.

Wiki ikapita, Bwana Kasimiri akanipa karatasi. Imeandikwa kwamba eneo la njia panda litakuwa kitovu cha mradi, na mwenye eneo aweke dole gumba. Akaniambia nimsomee mama mkwe kwa lugha yake, nimweleweshe vizuri, nirudi na jibu.

Nilimkuta uani anatwanga michembe. Nikaanza kusoma huku nageuza Kikonongo. Mwanangu, hapo ndipo neno lilinigeuka mdomoni. Kwa lugha yetu kitovu ni cha tumboni tu, hatuna kingine. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama, wanataka kuweka kitovu chao pale njia panda."

Mchi ukasimama juu.

"Nani amejifungua?" akauliza.

"Hakuna aliyejifungua, Mama. Ni maneno yao tu, maana yake ni katikati, mahali watu wanapokutania."

"Kwa hiyo ni kitovu kisichokuwa na mtoto." Akauweka mchi chini. "Na wanakuja kukizika kwenye shamba langu."

Nyie wa siku hizi mnajifungulia hospitali, kitovu sijui kinatupwa wapi. Sisi kikikauka na kudondoka kilizikwa. Vitovu saba vya watoto wa Mama Nyanzala viko chini ya kile kichuguu, kikiwemo cha babu yako. Watatu kati ya hao saba hawakufika hata kutembea. Yeye akainua kidevu, akaonyesha kichuguu kwa midomo, akasema, "Karatasi ya shamba mimi sina. Karatasi yangu ni ile pale, na ina sahihi saba. Huyu anataka kuongeza ya nane, halafu kesho aseme na yeye ni wa hapa. Mwambie akazike kwao."

Nikasema, "Sawa, Mama." Nikageuka niondoke.

"Na wewe amekupa jina gani?"

"Kiungo."

"Kiungo kipi? Cha mchuzi kinaliwa. Cha goti kazi yake kupinda. Wewe ni kiungo kati ya nini na nini?"

Ningekuwa na akili ningekaa chini palepale nitafute jibu. Badala yake niliona aibu. Niliona nitasimamaje mbele ya mtu mwenye faili nimwambie kwamba mama mkwe amekataa mashine kwa sababu ya vitovu vya watoto wake? Atatucheka. Ataona na mimi ni walewale.

Bwana Kasimiri alikuwa ameketi barazani kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mwenyekiti mwenyewe hayupo. "Mama amekubali?" akauliza.

"Amekubali," nikasema. Neno likatoka lenyewe, kama chafya.

"Vizuri sana. Aje aweke dole."

"Mgongo unamuuma."

Akaniangalia, halafu akatabasamu. "Wewe si mkwe wake? Na wewe ndiye kiungo. Dole lako si ndiyo dole lake?" Akafungua kikopo bapa chenye kitambaa kilicholowa wino wa zambarau, akakisogeza mbele yangu. Hakunishika mkono, mwanangu. Nataka ujue hilo. Nililiweka mwenyewe.

Tukaenda shambani muda uleule, yeye, mimi na mtu wake mmoja mwenye kamba na vigingi. Nilijua mama mkwe ameshuka bondeni kutafuta mlenda. Wakanipa ncha moja ya kamba nishike. "Usiachie, Mama Tabu," akasema Bwana Kasimiri. Yule mtu wake akaondoka na ncha nyingine, akapita kichuguu, akapotelea kwenye matete. Kamba ikavutika. Mimi nimesimama kama mbuzi aliyefungwa.

"Imefika wapi?" nikauliza.

"Imefika tu. Funga hapo kwenye kigingi."

Nikafunga fundo. Fundo zuri, la kukaza. Sikwenda kuangalia imefika wapi.

Jioni hiyo nilisugua dole kwa majivu. Kesho yake kwa mchanga, kesho kutwa kwa ndimu mpaka ngozi ikawaka. Wino ule ulikaa kwenye mistari ya dole kama umezaliwa humo. Nikaanza kula nimelikunja dole ndani ya kiganja.

Mama mkwe aliniangalia siku ya kwanza. Siku ya pili akasema, "Naona unakula kwa vidole vinne."

"Nimeungua, Mama."

"Pole." Akamega michembe yake, akatafuna polepole. "Moto wa zambarau mimi sijawahi kuuona."

Basi. Siku tatu nzima hakuniuliza kitu, na siku tatu hizo zilinikondesha kuliko njaa ya mwaka mzima. Akikohoa nahisi anaita watu. Akienda kwa Mama Goreti kuomba chumvi nachungulia kwenye upenyo wa ukuta nione kama wananiangalia. Akaanza kuchota maji mwenyewe, yeye ambaye mgongo kweli ulikuwa unamsumbua. Nikimpokea ndoo ananipa bila neno. Nilimshuku yeye, yeye ananishuku mimi, na mtoto katikati yetu anatambaa kutoka paja hadi paja, anamchekea kila mtu.

Kumbe Mama alikuwa anachota maji ili atazame. Alikiona kigingi. Kiko ng'ambo ya kisima, ndani ya matete, mahali ambapo mtu hawezi kukiona mpaka akikanyage. Hakuking'oa. Alikwenda kwa Mwenyekiti, akamwomba mkutano Jumapili baada ya misa, na akataka Bwana Kasimiri awepo na karatasi zake.

Watu walijaa uwanja wa shule, maana habari ya mashine ilikuwa imeamsha kila tumbo. Bwana Kasimiri akasimama, viatu vyake vilevile. Akasoma kwa sauti nzuri kwamba familia imeridhia kutoa eneo la kitovu "pamoja na chanzo cha maji kilichomo."

Hilo la maji hakuwa amenisomea. Lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, na mimi msomaji wa darasa la nne niliishia pale juu nilipoona neno langu, kiungo.

"Chanzo cha maji ndiyo nini?" akauliza Mama Goreti. "Kisima?"

"Kisima kitakuwa ndani ya uzio, kwa usalama wenu," akasema Bwana Kasimiri. "Mtawekewa utaratibu."

"Utaratibu wa kunywa maji? Mimi nimekunywa hapo tangu naolewa, sijawahi kukosea."

Watu wakaanza kucheka na kunung'unika kwa pamoja. Mama Nyanzala akanyanyuka, taratibu, mkono kiunoni. Akaenda mpaka kwenye meza. "Mwanangu," akamwambia Bwana Kasimiri, "wanasema nimeweka dole. Mimi mzee, nasahau. Nipe huo wino nijaribu kama dole langu bado lipo."

Angekataaje mbele ya watu? Akafungua kikopo. Mama akachovya, akabonyeza kwenye karatasi tupu ya Mwenyekiti. Mwenyekiti akazichukua karatasi mbili, hiyo na ya Bwana Kasimiri, akaziinua juani.

"Hili lina njia nyeupe katikati," akasema. "Hili lingine halina."

"Basi hilo lingine ni la nani?" akauliza mama mkwe.

Mwanangu, hakunitazama. Alitazama mikono yake. Alijua tangu siku ya vidole vinne, na angeweza kuninyooshea kidole pale, nikaondoka kwenye ndoa ile na kanga yangu moja. Aliliacha swali chini, katikati ya uwanja, aone nani ataliokota.

Bwana Kasimiri akanigeukia mimi kwa haraka. "Kiungo wetu atatueleza," akasema. Macho yake yalikuwa yananiambia niseme uongo mmoja zaidi, mdogo tu.

Nikasimama, nikafungua kiganja. Zambarau ilikuwa bado ipo. "Ni langu," nikasema. "Mama alikataa. Mimi nilisema amekubali."

"Loo!" akapaza mtu nyuma. "Kiungo kimechacha!" Hawakucheka wengi. Wanaume wengine walitema mate.

Bwana Kasimiri aliinua mikono kama padri. "Jamani, haina shida. Makosa madogo ya makaratasi. Tunaandika upya hapahapa. Mama ataweka dole lake mwenyewe, na wewe Mama Tabu unabaki kiungo wetu, tunakuamini." Akatoa karatasi mpya kwenye faili. Ilikuwa imeshaandikwa, mwanangu. Alikuja nayo.

Nikachomoa ile pini kifuani. Nikaiweka kadi juu ya karatasi yake, maandishi yakiangalia chini. Nikamwambia, "Mimi sifungi fundo la kamba ambayo sijaziona ncha zake zote mbili. Tafuteni mwingine."

"Unajua unachokikataa, Mama?" akaniuliza kwa upole.

"Sijui. Ndiyo maana."

Vigingi viling'olewa siku hiyohiyo. Njiani kurudi nyumbani nilimfuata mama mkwe nyuma hatua tatu, nangoja. Alipofika kwenye kichuguu akasimama. "Uliniibia dole," akasema. "Leo umelirudisha. Nenda kaponde michembe, mtoto ana njaa."

Babu yako aliporudi na asali yake, mama yake hakumwambia neno, na waliokuwepo uwanjani aliwaomba nao wasimwambie. Nilingoja amwambie mwaka ule, na mwaka uliofuata. Tumemzika Mama Nyanzala, babu yako anajua tu kwamba mkewe aliwahi kukataa cheo.

Sitaki udhani nilishangiliwa. Ile mashine ilikwenda kijiji kingine. Mpunga ulipokubali tena, wanawake walibeba magunia mpaka mjini kukoboa, na kila walipopita mlangoni kwangu waliguna niwasikie. Na sijui mpaka leo kama Kasimiri alikuwa mwizi, au mtu wa kweli aliyetumwa na watu wasioonekana. Nasikia kule alikokwenda, mwenye shamba anapita getini akiomba ruhusa ya kwenda kwenye migomba yake. Nimesikia, sijaona, kwa hiyo sikuapii. Lakini sisi hapa tunachota maji bila kubisha hodi.

Sasa shika haya, mwanangu.

Nyie mna maneno mengi kwa kitu kimoja. Kiungo, kiunganishi, kitovu, daraja. Kaka yako ananiambia hata kwenye mpira yupo kiungo, ndiye anayegawa mipira. Nikamuuliza, goli likiingia anabebwa nani begani? Akasema mfungaji. Hata sisi maneno kama hayo tulikuwa nayo. Mshenga anakutanisha wawili, dalali anakutanisha wawili, kuwadi naye anakutanisha wawili. Kazi ni moja, lakini mmoja anachinjiwa kuku, mmoja anapewa chake na kuondoka, na wa tatu hatajwi mbele ya watoto. Kwa hiyo mtu akikupa jina la kukutanisha, usiangalie jina linang'aa vipi. Muulize kati ya nani na nani, na ncha ya pili imefika wapi. Akikujibu "imefika tu," achia kamba, nenda kaangalie kwenye matete kwa miguu yako.

Neno zuri likikujia, ligeuze kwa lugha ya mama yako, ulisemee kwa sauti mbele ya mtu ambaye litamuuma. Likimshtua yeye, na wewe shtuka. Mimi lilinishtua, nikaona aibu kushtuka, na hilo ndilo kosa langu lote. Usimwone mjinga mzee anayeuliza nani amejifungua. Na karatasi isome hadi chini, pale pa herufi ndogo, hata ukishaliona jina lako juu.

Mungu akupe macho ya kufika ng'ambo ya kisima. Akupe ulimi usiosema ndiyo kwa aibu. Akupe mkwe kama niliyepewa mimi, na dole lako lizeeke safi.

Na wale wakubwa wa kikundi chako, wasomee jibu langu kama lilivyo, usiliongezee chumvi: Mimi sifungi fundo la kamba ambayo sijaziona ncha zake zote mbili. Tafuteni mwingine.